Mabuti ya Ndaziona

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimekuwa mtu mzima. Matokeo ya kidato cha nne bado hayajatoka, lakini Bibi ameacha kuniita mtoto. Sasa ananiita "huyu anayekaa tu."

Mjomba Wyson amepiga simu kutoka Balaka. Ni kaka wa mama, kwa hiyo kwa desturi yetu ndiye mwenye sisi wote. Akikohoa yeye, ukoo mzima unatafuta dawa. Amesema ana kuku mia sita wa mayai na hana mtu wa kukaa nao. Kuku hawataki mtu wa maneno mengi, kasema, na Zione ni bubu tangu azaliwe. Mimi si bubu. Natunza tu maneno.

Saa nane mchana nikaokolewa. Bwana Nankhoma wa maktaba ya mtaa ameniita. Anataka msaidizi kuanzia tarehe moja Novemba. Maktabani watu wanakatazwa kusema. Ni kazi niliyoumbiwa. Sharti ni moja: niongoze, kwa Jumatano nne, kikundi cha watu wazima wanaotaka kusoma kwa mara ya kwanza zile riwaya teule za sekondari ambazo watoto wao walizibeba na wao wakazipangusa vumbi. Wanaanza na "Shoka la Mkwe." Kanichagua kwa sababu ndimi niliyepata tuzo ya riwaya shuleni. Nikiweza, kazi ni yangu. Nikishindwa, yupo Enifa, aliyekuwa wa pili.

Kwa hiyo maktaba au kuku. Nimekubali, kwa kutikisa kichwa.

Kuna jambo dogo sikumwambia. "Shoka la Mkwe" sijawahi kuisoma.

Jumanne, 8 Oktoba

Si kosa langu. Tulikuwa wasichana tisini na wanne na nakala kumi na moja. Nakala hizo zilifungiwa kabatini, ofisini kwa mwalimu mkuu, zisije zikaharibika kwa kusomwa. Ndaziona, shujaa wa kitabu, tulimwona kupitia kioo cha kabati: amechorwa kwenye jalada, mgongo tu. Sisi tulisoma muhtasari wa Gadama. Gadama ana mashine ya kutoa nakala pale sokoni Zomba, katikati ya muuza viazi na fundi saa. Kurasa tisa, pini moja pembeni. Dada zetu walisoma huohuo, na wengine sasa ni walimu.

Tuzo yangu niliipata kwa mabuti. Gadama, ukurasa wa tisa: mwishoni Ndaziona anaondoka alfajiri bila kuaga, amevaa mabuti mazito ya mpira na kofia ngumu yenye taa. Basi. Niliandika kurasa sita kwamba mabuti ni uzito wa mila na taa ni elimu. Mwalimu Chisesele akanipa ishirini kwa ishirini, akaisoma mbele ya darasa, mimi nikiwa chini ya dawati natafuta kalamu ambayo haikupotea. Enifa aliandika kwamba mabuti ni ukoloni. Kumi na nane. Hajanisamehe.

Mpango: nitaongoza kwa muhtasari. Watu wa umri ule husoma polepole.

Jumatano, 9 Oktoba

Wamekuja tisa. Wanajiita Waliochelewa. Mwenyekiti ni Mama Dorica, muuza mandazi mbele ya hospitali. Amechaguliwa kwa sababu ya sauti. Mzee Kapesi, polisi mstaafu, amekuja na daftari na rula.

Nilikuwa nimeandaa hotuba. Niliposimama ikaondoka yote, likabaki neno moja. Nikaliambia dirisha: waangalie mabuti.

Mama Dorica akasema, "Mabuti gani, mwanangu? Mimi niko ukurasa wa nne na huyu mwanamke anatembea peku."

Nikasema yako mbele. Mzee Kapesi akaandika "mabuti," akapiga mstari kwa rula, akauliza ukurasa wa ngapi. Nikasema kwamba mwalimu mzuri hasemi. Wakatikisa vichwa kwa heshima. Bwana Nankhoma akatabasamu kule kwenye meza yake.

Kisha wakasoma kwa sauti, kwa zamu. Kurasa nne kwa saa mbili, kwa sababu kila mkwe aliyetajwa kitabuni alimkumbusha mtu mkwe wake. Kitabu kina kurasa mia moja arobaini na tatu. Kwa mwendo huu watafika mwisho mwakani, mwezi wa sita. Mimi nitakuwa msaidizi wa zamani. Mpango kamili.

Ijumaa, 11 Oktoba

Mpango si kamili. Nimepita hospitali nikakuta foleni ya mandazi haisogei. Mama Dorica alikuwa anakaanga kwa mkono mmoja na kusoma kwa mkono wa pili. Ukurasa wa hamsini na mbili. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kwa nini haraka yote hii. "Si wewe uliyetuambia mabuti? Mwenzio silali. Nataka kujua kayapata wapi."

Waliochelewa sasa wanakutana kila siku bila mimi. Nimewatia hamu ya kusoma. Ni msiba.

Nimeazima nakala.

Jumapili, 13 Oktoba

Sikwenda kanisani. Nilimwambia Bibi tumbo. Nimesoma kitabu kizima kwa siku mbili.

Hakuna aliyeniambia kwamba kinachekesha. Muhtasari unasema: "Ndaziona. Sifa zake: mvumilivu, mtiifu, mpole." Ukurasa wa thelathini na moja anamwaga uji ndani ya kofia ya mjomba wake. Kwa makusudi. Uji wa moto. Mume wake Chilemba amekuja kuishi kijijini kwa mkewe, na shoka lake na mkeka wake, kama wanaume wetu wote, na shoka halijagusa mti hadi linaota kutu. Mjomba anamtetea kwa sababu wanavuta tumbaku pamoja. Mwishoni Ndaziona, mjamzito, anachukua shoka na mkeka, anaviweka nje ya mlango, anamwonyesha Chilemba njia ya kwao. Mvua inaanza. Anajifungua mtoto wa kike na kumfunga katika kitenge cha njano alichoachiwa na mama yake. Mwisho. Nililia hadi Bibi akaniletea dawa ya tumbo, na nikainywa.

Baada ya dawa nikakumbuka. Haondoki popote. Hana mabuti.

Nimerudia kitabu kutoka nyuma kwenda mbele. Watu wote wako peku. Hata mmisionari anavua viatu kuvuka kijito.

Jumatatu, 14 Oktoba

Nimekwenda kwa Mwalimu Chisesele. Nimeuzunguka uzio wake mara tatu kabla ya kubisha. Akasema mabuti yamo, nimesoma vibaya. Nikampa kitabu. Akakifungua kama mtu anayeingia nyumba ya mgeni, hajui pa kukaa. Akapekua hadi mwisho, akasema basi wameyatoa kwenye toleo jipya. Nikamwonyesha mwaka wa kuchapwa. Kitabu kina umri mkubwa kuliko yeye.

Akafunga mlango. "Sikiliza, binti. Mimi nimefundisha mabuti miaka kumi na miwili. Na wanaosahihisha mtihani huko nao wanayatafuta mabuti. Asiyeyaandika anakatwa alama. Sasa wewe unataka kuwavuruga watoto wa watu kwa sababu ya kitabu?"

Nikasema hapana, mwalimu. Akanisindikiza hadi barabarani, jambo ambalo hajawahi kulifanya.

Jumatano, 16 Oktoba

Enifa amekuja. Kusikiliza tu, kasema, na akakaa mbele kabisa akijipepea kwa jalada la muhtasari wake. Baada ya dakika kumi za kusikiliza tu akasimama na kuwaeleza kwamba mabuti ni ukoloni. Mama Dorica akamwambia, "Mdogo wangu, tusubiri kwanza ayavae." Lakini sumu ilishaingia. Sasa kuna kambi mbili, na hakuna hata mtu mmoja aliyeyaona.

Mzee Kapesi ametoa taarifa: ukurasa wa themanini na nane, mhusika bado peku. Anamshuku mmisionari. Alivua viatu kwenye kijito. Je, alivivaa tena? Kitabu hakisemi. Wamekaa saa nzima juu ya hilo. Sijawahi kuona watu wakisoma kwa makini namna hii, na wote wanasoma kisichokuwepo.

Bwana Nankhoma alimsifu Enifa kwa uchangamfu. Akanitazama mimi. Nilikuwa nyuma ya rafu ya kilimo.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimepata. Kama kitabu hakina mabuti, kitapewa.

Nitaandika ukurasa mmoja, barua ya Ndaziona ya kuaga, nikaupige chapa kwa Gadama na kuubandika mwishoni mwa kila nakala kwa nsima ya jana, ugali unaoshika kuliko gundi ya dukani. Nakala ni sita tu, na Bwana Nankhoma ameniruhusu kuzichukua Jumatatu nizivishe makaratasi ya kalenda. Watadhani ndivyo zilivyo.

Nimeandika mchana kutwa. Nimefuta mara saba. Imetoka hivi: "Bibi yangu mpendwa, naondoka alfajiri. Msinitafute. Sitaki tena kuamuliwa na mjomba. Mabuti yangu ni mazito lakini moyo wangu ni mwepesi. Taa yangu itanionyesha njia." Nimeiweka chini ya mto ikauke. Si kwa kujisifu, lakini imemzidi mwandishi.

Jumapili, 20 Oktoba

Bibi ametandika kitanda changu leo. Hajawahi kunitandikia kitanda tangu nilipokuwa na miaka minne.

Nimerudi kutoka kisimani nikamkuta uani anazungumza kwenye simu kwa sauti ya msibani. Balaka.

Jumatatu, 21 Oktoba

Mjomba Wyson amefika kwa basi la kwanza na majogoo wawili, mmoja wa kula na mmoja wa kufungulia kesi, kama kutakuwa na mwanamume wa kudaiwa. Nimewekwa mkekani katikati. Mjomba akauliza ni nani. Nikasema hakuna. Akauliza mwenye mabuti ni nani. Bibi alishalifanyia kazi jambo hilo: mabuti, taa, alfajiri. Ni mlinzi. Swali ni wa jengo gani.

Nikaeleza kwamba ni fasihi. Mjomba akasema ndivyo wanavyosema wote. Nikaeleza kwamba ni barua ya mtu wa kwenye kitabu. Akauliza kwa nini mtu wa kwenye kitabu hataki kuamuliwa na mjomba. Nikamwangalia jogoo.

Hukumu: Alhamisi ya tarehe thelathini na moja naenda Balaka. Labda, Bibi akaingilia, labda Wyson aione kwanza kazi hiyo ya maktaba kwa macho yake. Mjomba akasema ataiona, atakaa hapa hadi siku hiyo. Barua ameikunja na kuitia mfuko wa shati. Ni ushahidi.

Kwa hiyo nakala sita zimevikwa kalenda vizuri sana, na ndani yake hakuna kitu.

Jumatano, 23 Oktoba

Mjomba amekuja maktabani na kofia yake. Kwa bahati yangu, wakaamua kurudia ukurasa wa thelathini na moja kwa sababu kuna mgeni.

Baada ya uji kumwagika Mjomba akasimama. Akasema kitabu hiki hakina adabu na kinafundisha watoto kupoteza uji. Mama Dorica akamwambia, "Kaa, kaka, kofia yako bado kavu." Wakacheka hadi Bwana Nankhoma akagonga meza. Mjomba akasema mjomba yule anatafuta amani nyumbani. Mama Dorica akasema anatafuta tumbaku. Mjomba akasema shoka kuota kutu si kosa la mwanamume, ni kosa la miti ya mahali hapo. Wanawake saba wakajibu kwa pamoja.

Ameazima nakala ili athibitishe kwamba mjomba ana haki. Amesoma njia nzima kurudi nyumbani, amejikwaa mara mbili.

Kuhusu mabuti: ukurasa wa mia moja ishirini. Peku.

Jumanne, 29 Oktoba

Nimejaribu kila njia. Jumamosi nilipendekeza waruke mwisho waanze kitabu kingine. Mama Dorica akauliza kama naumwa. Jana nilijaribu kuumwa. Bibi akaleta ile dawa.

Mjomba amekaa uani na kitabu hadi chai imepoa. Nilimsikia akimwambia jogoo, "Lakini kweli, shoka angelinoa hata mara moja."

Nikaona haya. Watu hawa wanakisoma kitabu kwa moyo, na mimi nimewatilia jiwe kwenye mchele. Nimeandika kwenye karatasi: "Sikukisoma. Mabuti hayapo. Tuzo yangu si halali. Nisameheni." Kesho nitaisoma kwa sauti. Afadhali kuku kuliko hivi. Kuku ni viumbe wazuri. Wana manyoya.

Jumatano, 30 Oktoba

Mama Dorica ndiye aliyesoma ukurasa wa mwisho. Alipofika kwenye kitenge cha njano sauti yake ile iliyompa uenyekiti ikakatika, akampa Mzee Kapesi amalizie. Akamaliza. Mjomba alikuwa amevua kofia na kuipakata.

Halafu Mzee Kapesi akafungua daftari. "Kurasa mia moja arobaini na tatu. Mabuti hayakuonekana."

Vichwa vyote vikanigeukia. Nikasimama. Nikakunjua karatasi yangu. Nikafungua mdomo.

Enifa akawahi. Akasema samahani, wazee wangu, msimlaumu, huenda Zione ameona haya kuwaambia, nakala hizi zina upungufu. Mwisho wenyewe Ndaziona anaondoka alfajiri na mabuti na kofia yenye taa. Yeye amekisoma kitabu kizima shuleni, mara mbili.

Mjomba akasema kumbe mabuti hayo anayo yeye. Akatoa ile barua mfukoni. Mama Dorica akaipokea, akaisoma yote kwa sauti yake ya foleni, hadi taa na njia.

Enifa akapiga makofi. "Ndiyo hiyohiyo. Huo ndio ukurasa uliopotea. Naukumbuka neno kwa neno."

Mjomba akamgeukia. "Unaukumbuka vipi, mwanangu? Huu kauandika mpwa wangu juzi, bibi yake kaukuta chini ya mto. Mimi nimeacha kuku mia sita kwa ajili ya karatasi hii."

Kwanza alicheka Mzee Kapesi. Akacheka hadi rula ikaanguka. "Mtego," akasema. "Kituoni tulifanya hivyohivyo. Unataja kitu ambacho hakipo, halafu unasubiri nani atakuja kusema amekiona." Bwana Nankhoma akatoka nyuma ya meza. Akasema miaka yote alikuwa anatafuta njia ya kujua nani amesoma kweli na nani amesoma muhtasari, kumbe njia ni mabuti. Mama Dorica akanikumbatia, nikanukia mandazi. "Na ukimya wako wote huo, Zione. Umetusomesha kitabu kizima kwa mabuti ya uongo."

Karatasi yangu ilikuwa bado mkononi. Nilikuwa naisoma kichwani: sikukisoma, mabuti hayapo. Nikaikunja. Nikaikunja tena. Ikawa ndogo kama punje ya hindi.

Kazi ni yangu. Mjomba amesema mtu mwenye akili kama hiyo atawaharibu kuku. Akamfuata Enifa mlangoni na kumuuliza kwa upole kama anapenda mayai. Enifa amenitazama. Alikuwa anajua: mabuti tuliyapata kwa Gadama sote. Nimejisikia vibaya kwa muda wa kutosha, kama dakika tano.

Nimeapa mbele ya kitanda changu kwamba sitaongoza tena, maisha yangu yote, kitabu ambacho sijakisoma.

Jumatatu, 4 Novemba

Siku ya pili kazini. Nina kiti, meza na muhuri. Leo watu wanne wamekatazwa kusema, na mimi ndiye niliyewakataza, kwa kunyoosha kidole.

Waliochelewa wanaanza riwaya mpya Jumatano: "Baridi ya Migodini," ile iliyokuwa kitabu teule cha pili kabla ya zamu yetu. Kurasa mia mbili na kumi na mbili. Ni habari za kijana wa kwetu, Saizi, aliyekwenda kuchimba dhahabu Johannesburg. Kwenye jalada amesimama amevaa mabuti ya mpira na kofia ngumu yenye taa. Mabuti tena. Waandishi wetu wanapenda mabuti mno.

Nilikusudia kuisoma. Nimeifungua asubuhi. Lakini kuna mihuri, kuna vumbi, na Jumatano ni keshokutwa. Kiapo ni kiapo, ila hakikusema kusoma ni kurasa ngapi. Wakati wa chakula nimekimbia kwa Gadama. Nimemwambia waziwazi kwamba muhtasari wake wa zamani ulikuwa na kasoro. Ameapa kwamba huu ni mzuri, anauuza tangu siku ileile aliyoanza kuuza ule mwingine.

Kurasa tisa. Kwa haraka nimesoma wa tisa tu. Inaelekea ni kitabu cha furaha: mwishoni, mvua ikianza kunyesha, anazaliwa mtoto wa kike na kufungwa katika kitenge cha njano. Nani amejifungua ndani ya mgodi bado sijaelewa, lakini nina hoja tatu tayari. Kitenge ni dhahabu. Mvua ni jasho. Nilihisi hata kana kwamba nimewahi kukutana na kitenge hicho mahali fulani, na hiyo, alikuwa akisema Mwalimu Chisesele, ndiyo dalili ya fasihi bora.

Nitawaambia wakiangalie kitenge.